Samaki wageni katika maji ya falaj: Manah na funzo la Ziwa Victoria

Upandikizaji wa samaki wa kigeni umeyabadilisha maziwa na mito mingi ya Afrika Mashariki tangu karne iliyopita. Hivi sasa suala hilo linazihusu pia nchi za jangwa, ikiwemo Oman ya ndani, ambako maji ni machache na samaki wenyeji ni wadogo wasio na bei sokoni. Makala haya yanaeleza kwa nini wataalamu wanaonya kwamba uamuzi kuhusu samaki mgeni lazima ufanywe kabla ya kumtia majini, kwa sababu baadaye hakuna njia ya kumtoa.

Msikilizaji, wilaya ya Manah iko katika mkoa wa Ad Dakhiliyah, kusini ya mji wa Nizwa. Wageni wengi huijua kwa mtaa wake mkongwe wa nyumba za udongo uitwao Harat al-Bilad, kwa ngome ya Fiqain, na tangu mwezi Machi mwaka 2023 kwa jumba kubwa la makumbusho lielezalo historia ya Oman katika zama zake zote. Lakini kabla ya makumbusho na hata kabla ya ngome, kilichowawezesha watu kukaa mahali hapa ni maji ya falaj.

Falaj ni mfereji uliojengwa na binadamu ili kuyachukua maji kutoka chini ya ardhi, katika chemchemi au katika wadi, na kuyafikisha kijijini kwa nguvu ya mteremko peke yake, bila ya mashine. Ziko aina tatu. Falaj ya daudi huanzia katika kisima mama, mara nyingi karibu na milima, na kupita chini ya ardhi kwa kilomita kadhaa. Falaj ya ghaili huyapokea maji yapitayo juu juu katika wadi. Falaj ya aini hutoka moja kwa moja katika chemchemi. Hesabu iliyofanywa nchini Oman mwishoni mwa miaka ya 1990 ilizitaja aflaj 4,112, na kati ya hizo zaidi ya 3,000 zilikuwa bado na maji. Mwaka 2006 shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliziingiza aflaj tano katika orodha ya urithi wa dunia. Tatu kati ya hizo zimo katika mkoa huu huu wa Ad Dakhiliyah: Daris ya Nizwa, al-Malki ya Izki na al-Khatmayn ya Birkat al-Mawz.

Maji ya falaj yana utaratibu wake. Kwanza hufika mahali paitwapo sharia, ambapo watu huteka ya kunywa. Baadaye hupita penye misikiti na mahali pa kuogea, na mwishowe huingia katika mashamba ya mitende, ndimu na majani ya mifugo. Kila mwenye shamba ana zamu yake, ambayo hupimwa kwa kipimo kiitwacho athar, takriban nusu saa. Juu ya yote yupo wakili wa falaj, akisaidiwa na arifu, ambaye kazi yake ni kusimamia zamu hizo. Kwa ufupi, hakuna tone linalopita bila ya kuwa na mwenyewe.

Ndani ya maji hayo wamo wakaazi wengine wasiokuwa na zamu wala hisa. Aonekanaye zaidi ni samaki mdogo wa rangi ya udongo, asiyezidi urefu wa kidole, ambaye wanasayansi humwita Garra barreimiae. Jina lake la pili limetokana na mji wa Buraimi. Kinywa chake kiko upande wa chini, na mdomo umeumbwa mfano wa kikombe kidogo kinachomwezesha kujishikiza juu ya jiwe wakati maji yakienda kasi. Chakula chake ni mwani unaoota juu ya mawe na kuta za mfereji, pamoja na vijidudu vilivyomo humo. Watalii wanaoogelea Wadi Bani Khalid au Wadi Tiwi, katika mkoa wa Sharqiyah, humfahamu samaki wa jamii hii kwa sababu huwajia miguuni na kuidonoa ngozi iliyokufa.

Yuko mwingine, mdogo zaidi, aitwaye Aphaniops stoliczkanus, ambaye zamani vitabu vilimwita Aphanius dispar. Huyu huweza kuishi katika maji ya chumvi na matamu, hustahimili joto kali, na hupenda sana kula viluwiluwi vya mbu. Katika milima ya Hajar yupo pia Cyprinion muscatense, ambaye jina lake limetokana na mji wa Muscat.

Samaki hawa si wengi kwa aina. Bara zima la Arabu halina mito ya kudumu, na kwa hivyo samaki wake wa maji matamu ni aina chache tu ukilinganisha na maziwa ya Afrika. Lakini wachache hao hawapatikani kwingineko. Isitoshe, elimu juu yao bado inaendelea kujengwa. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza kwamba samaki wa baadhi ya mabonde ya upande wa magharibi wa milima ya Hajar, ambao kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa ni Garra barreimiae, ni aina mbalimbali kabisa, nao wakampa mmoja jina la Garra shamal. Hiyo ina maana kwamba samaki wa wadi moja na wa wadi ya jirani, ingawa kwa macho wanafanana, huenda wametengana kwa maelfu ya miaka.

Mfano mkubwa wa utengano huo upo si mbali na Manah, katika pango la al-Hoota karibu na mji wa al-Hamra. Humo ndani lipo ziwa la chini ya ardhi lenye samaki weupe wasioona. Ni wa ukoo huo huo wa samaki wa falaj. Wanapokuwa wachanga huwa na macho, na kadiri wanavyokua macho hayo hufunikwa na kupotea. Pango hilo lilifunguliwa kwa watalii mwaka 2006, na samaki hao ni miongoni mwa vivutio vyake.

Je, ni nini basi maana ya samaki mgeni? Wataalamu hutumia neno hilo kwa samaki yeyote aliyepelekwa na binadamu katika maji ambayo hakuyafikia mwenyewe. Si lazima awe ametoka nchi nyingine. Anaweza kuwa ametoka wadi ya pili. Na si kila mgeni huleta madhara, kwani wengi hufa baada ya siku chache. Huitwa samaki vamizi pale anapozaana, akaenea, na kuwaondoa wenyeji kwa kuwala, kwa kugombea nao chakula na mahali pa kutagia, kwa kuwaambukiza maradhi, au kwa kuzaana nao hadi asili yao ikapotea.

Njia za kuingia ni nyingi, na karibu zote hutokana na nia njema. Mzee mmoja hutaka kupunguza mbu katika birika la shamba. Mkulima hufuga perege ili apate kitoweo na fedha. Mtoto amechoka na samaki wake wa mapambo, naye humwonea huruma asimuue, akenda kumwachia katika falaj. Hakuna mmoja kati ya hao anayekusudia kuharibu.

Kwa msikilizaji aliyekulia kando ya Ziwa Victoria, habari hii si ngeni. Familia nyingi za Oman ya ndani zimewahi kuwa na ndugu si Zanzibar tu, bali pia Tabora, Mwanza na Bujumbura. Wale waliondoka Mwanza katika miaka ya 1960 waliliacha ziwa lenye samaki wengi wadogo waitwao furu, ambao Waganda huwaita nkejje, pamoja na ngege, perege wa asili wa ziwa hilo. Jamaa zao walioendelea kuishi huko waliona ziwa jingine.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, Michael Graham, alifanya uchunguzi wa Ziwa Victoria kwa niaba ya serikali za kikoloni, kwa kuwa ngege walikuwa wameanza kupungua kutokana na nyavu mpya. Katika ripoti yake ya mwaka 1929 alionya kwamba kumleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine kungekuwa na hatari kubwa, isipokuwa utangulie utafiti wa kina. Onyo hilo lilijadiliwa kwa miaka. Baadhi ya maafisa waliona kwamba furu ni takataka, wadogo, wenye miiba na wasio na faida, na kwamba ingekuwa bora wageuzwe kuwa chakula cha samaki mwenye nyama. Wanasayansi wengine walipinga.

Mjadala ulipokuwa ukiendelea, samaki alikuwa amekwisha kuingia majini. Inakubaliwa hivi leo kwamba sangara alitiwa kimya kimya upande wa Uganda mwaka 1954, kabla hapajatolewa uamuzi wowote. Mwaka 1962 na 1963 akatiwa rasmi, kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Katika miaka hiyo ya 1950 aliletwa pia perege wa mto Nile, ambaye Tanzania humwita sato.

Kwa karibu miaka 20 halikuonekana jambo kubwa. Halafu, mnamo miaka ya 1980, sangara waliongezeka ghafla katika ziwa zima. Samaki huyu huweza kufikia uzito wa kilo 200. Furu, ambao walikuwa na aina zaidi ya 500, karibu zote zikiwa hazipatikani mahali pengine duniani, walipungua kwa kasi, na wanasayansi wanakadiria kwamba aina 200 hivi zilitoweka. Ngege naye aliondoshwa na sato, na leo yumo katika orodha ya samaki walio katika hatari kubwa ya kutoweka.

Ikumbukwe kuwa sangara hakuwa sababu pekee. Mbolea, udongo na maji machafu kutoka mashamba na miji vilirutubisha mwani, maji yakawa na kiza, na hewa ya oksijeni ikapungua katika kina kirefu. Aidha, haitakuwa haki kuyataja madhara bila ya faida. Samaki waliovuliwa kwa mwaka waliongezeka kutoka takriban tani 100,000 hadi kufikia nusu milioni mwishoni mwa miaka ya 1980. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Kisumu na Uganda, na maelfu kwa maelfu ya watu walipata kazi. Lakini faida hiyo haikuwafikia wote kwa usawa. Minofu ilisafirishwa Ulaya na kwingineko, huku wanawake waliokuwa wakianika furu juani wakibakiwa na vichwa na mifupa ya sangara ya kukaanga. Nyama ya sangara ina mafuta mengi na haikauki kwa jua kama furu. Ilibidi ikaushwe kwa moshi, na miti ikakatwa.

Funzo ambalo wataalamu hulitoa katika kisa hiki si kwamba kila samaki mgeni ni balaa. Ni kwamba uamuzi wa watu wachache, uliofanywa kwa ndoo chache za samaki, ulibadilisha maisha ya mamilioni ya watu katika nchi tatu, na hata walipotokea waliojuta hapakuwa na namna ya kuurudisha nyuma. Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Samaki wakimwagwa vile vile.

Baadhi ya wasikilizaji huenda wakauliza: Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000; je, linafananaje na mfereji wa Manah ambao mtu huuvuka kwa hatua moja? Jibu ni kwamba udogo haukingi, bali huongeza hatari. Katika ziwa kubwa wako furu waliopata mahali pa kujificha penye miamba na matete, na tangu miaka ya 1990, baada ya sangara kuvuliwa sana, baadhi ya aina zimerejea. Katika birika au mfereji hakuna pa kukimbilia.

Mfano wa maji madogo zaidi ni Ziwa Naivasha nchini Kenya. Kwa asili ziwa hilo lilikuwa na samaki mmoja tu mwenyeji, mdogo mno, wa jamii inayokaribiana na wale wala viluwiluwi wa Oman. Mnamo miaka ya 1920 walipandikizwa perege, na baadaye samaki mla nyama kutoka Marekani ya Kaskazini aitwaye bass, ambaye walowezi walimpenda kwa mchezo wa kuvua kwa ndoana. Mwaka 1962 ndio wa mwisho kuandikwa kwamba samaki yule mwenyeji ameonekana. Baadaye waliletwa kamba wa maji matamu kutoka Marekani, ambao walikula majani ya ziwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 alionekana karpu, samaki achimbuaye matope, ambaye haukupita muongo mmoja akawa ndiye anayevuliwa zaidi. Hivi leo wavuvi wa Naivasha hujipatia riziki kwa samaki ambao wote ni wageni. Mwenyeji hayupo tena, na kwa vile hakuwa na bei, kutoweka kwake hakukutangazwa na mtu.

Ama kuhusu Oman, kishawishi cha kwanza ni mbu. Malaria ilikuwa tatizo kubwa nchini humo hadi miaka ya 1990. Mwaka 1990 peke yake waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 30,000. Mpango wa kuitokomeza ulioanza mwaka uliofuata ulifanikiwa kiasi kwamba kufikia miaka ya 2000 maambukizi ya ndani yalikuwa yamekaribia kukoma. Lakini mbu hawakwisha. Mwishoni mwa mwaka 2018 homa ya dengue iliambukizwa ndani ya nchi, mjini Muscat, na suala la maji yaliyotuama likarudi tena katika mazungumzo ya watu.

Kila pale mbu wanapotajwa, hutajwa pia samaki aitwaye gambusia. Asili yake ni kusini mwa Marekani na pwani za Ghuba ya Mexico. Tangu mwanzo wa karne ya 20 alisambazwa katika mabara yote isipokuwa Antaktika ili ale viluwiluwi. Jike lake halitagi mayai bali huzaa watoto hai, na huweza kuihifadhi mbegu ya dume kwa miezi. Kwa hivyo jike mmoja mwenye mimba anatosha kuanzisha ukoo mzima. Uzoefu ulionyesha kwamba mara nyingi hali viluwiluwi vingi kuliko samaki wenyeji, lakini huyala mayai na watoto wa samaki hao na kuyakata mapezi ya wakubwa wao. Shirika la Afya Duniani liliacha kumpendekeza tangu mwaka 1982, na mwaka 2000 gambusia aliwekwa katika orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Katika orodha hiyo hiyo wamo pia sangara, karpu, bass na perege wa Msumbiji.

Kinachosikitisha katika habari hii ni kwamba kazi anayoletewa gambusia tayari ina mfanyakazi wake. Samaki wa pwani za Bahari ya Shamu, wa jamii moja na yule mdogo aliyetajwa awali, amejaribiwa kupambana na mbu huko Djibouti na katika bandari ya Assab, ambayo hivi sasa imo nchini Eritrea, na matokeo yalikuwa mazuri. Naye anastahimili joto na chumvi kuliko wageni wengi. Kwa mkaazi wa Manah mwenye birika lililojaa viluwiluwi, dawa ya kwanza ni kulifunika au kulikausha. Na ikibidi kutumia samaki, basi atumie wa wadi ile ile, kwa ushauri wa wahusika.

Kutoka Marekani kwenyewe kuna funzo jingine linaloihusu moja kwa moja nchi ya jangwa. Katika jimbo la Arizona alikuwepo samaki mdogo wa mto Gila, ambaye hapo zamani alikuwa miongoni mwa samaki wa kawaida kabisa katika bonde la mto huo. Gambusia alipoingia, alimwondoa katika sehemu nyingi, na mwaka 1967 samaki huyo aliwekwa katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Watafiti waligundua jambo la ajabu: pale mafuriko ya ghafla yalipokuwa yakipita kila mwaka, mwenyeji alinusurika, kwa sababu anajua kujibanza ukingoni, na mgeni akasombwa. Pale maji yalipotulizwa kwa mabwawa na mifereji, mgeni alishinda.

Mabonde ya Oman yana mafuriko ya namna hiyo hiyo. Katika mwezi wa Aprili mwaka 2024 maji yalishuka kwa nguvu kubwa mkoani Sharqiyah na kusababisha vifo vya watu, wakiwemo wanafunzi. Samaki wa wadi wameyazoea mafuriko hayo tangu zama na zama. Lakini mafuriko yana upande wa pili. Yanaunganisha kwa saa chache maji ambayo siku nyingine hayakutani, na samaki aliyekuwa katika dimbwi la shamba huweza kupata njia ya kufika kwenye wadi. Akifika nyuma ya bwawa lililojengwa kuhifadhi maji, hupata maji yaliyotulia, ambayo ndiyo anayoyataka. Perege wamekwisha kuonekana katika mabwawa ya milima ya Hajar, hususan upande wa Falme za Kiarabu.

Hapa ndipo lilipo suala gumu zaidi, nalo ni ufugaji. Serikali ya Oman imekuwa ikiwahimiza wakulima kufuga perege wa mto Nile pamoja na kilimo. Maji hupita kwanza katika tangi la samaki, yakachukua kinyesi chao ambacho ni mbolea, na baadaye yakamwagilia mitende na mboga. Katika nchi ambayo kila tone lina thamani, kuyatumia maji mara mbili ni akili. Hakuna mtaalamu wa mazingira mwenye busara anayetaka mkulima anyimwe kitoweo.

Linalosisitizwa ni tofauti baina ya samaki wa tangi na samaki wa falaj. Perege jike wa mto Nile huyabeba mayai na watoto wake kinywani. Kwa hivyo jike mmoja aliyeruka kutoka tangini, au aliyechotwa na mtoto kwa mchezo, huenda akawa amebeba mamia ya watoto. Akishaingia katika mfereji hula mwani ule ule unaoliwa na garra, hula mayai, na hula viluwiluwi vya vyura wa wadi. Naye huchimba mashimo ya kutagia katika matope, jambo linaloyatia maji uchafu kabla hayajafika mashambani.

Nchini Tanzania madhara ya kuchanganya tangi na mto yameonekana wazi. Utafiti uliofanywa katika mabonde mengi ya nchi hiyo na kuchapishwa mwishoni mwa muongo uliopita ulionyesha kwamba perege wa kigeni, akiwemo sato, wameenea karibu kila upande kutokana na upandikizaji wa miongo mingi. Katika baadhi ya sehemu wamezaana na perege wa asili, na asili hiyo inaanza kupotea. Jambo hili lina hasara hata kwa mfugaji, kwani perege wa asili wa mito ile, wenye kustahimili chumvi, joto au maradhi fulani, ndio hazina ambayo mbegu bora za kesho zingepatikana.

Huko Oman hatari si ya kuzaana na wenyeji, kwa vile hakuna ndugu wa perege katika aflaj za Ad Dakhiliyah. Hatari ni ya kugombea maji. Kwa sababu ya ukame na visima vya pampu, aflaj nyingi zimepungukiwa, na baadhi zimekauka kabisa. Wakati wa kiangazi samaki husongamana katika madimbwi machache. Garra na wenzake wamezoea kusubiri mvua katika hali hiyo. Lakini dimbwi linalotosha kuwaweka hai wenyeji mia hadi mvua inyeshe halitawatosha pindi wakiingia humo perege kumi wenye njaa.

Pamoja na hayo, samaki wa falaj wana manufaa hata kwa asiyejali elimu ya viumbe. Wao hula mwani katika kuta za mfereji na viluwiluwi katika maji yaliyotulia, na kuwepo kwao ni dalili kwamba hakuna sumu iliyoingia. Falaj iliyokufa samaki humtia wasiwasi kila mtu aliye na zamu.

Je, nini kifanyike? Wataalamu hukubaliana juu ya mambo machache, nayo si ya gharama. Tangi la kufugia lisiunganishwe na falaj wala lisiwe mahali ambapo mafuriko hufika. Tundu la kutolea maji liwe na wavu wenye macho madogo, nao ukaguliwe mara kwa mara. Mfugaji apate vifaranga kwa njia iliyoidhinishwa, na ikiwezekana wawe madume watupu ili wasizaane. Samaki wa mapambo asiachiwe katika maji ya wazi kwa hali yoyote. Arudishwe dukani au apewe mwingine. Na samaki asihamishwe kutoka wadi moja kwenda nyingine, hata kama anafanana na aliyemo. Anayemwona samaki asiyemfahamu katika falaj asinyamaze: amwarifu wakili wa falaj, au Mamlaka ya Mazingira ya Oman iliyoundwa mwaka 2020, au wizara inayohusika na kilimo, uvuvi na maji. Mgeni akigunduliwa mapema, akiwa bado katika birika moja, birika hilo huweza kukaushwa na jambo likaisha. Akishaenea katika wadi, haiwezekani tena.

Kimataifa suala hili limekuwa likipata uzito. Mwezi Desemba mwaka 2022, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu bayoanuwai uliofanyika Montreal, Kanada, mataifa yalikubaliana kupunguza kuingia na kuota mizizi kwa viumbe vamizi kwa angalau asilimia 50 ifikapo mwaka 2030. Mwaka uliofuata jopo la wanasayansi la kimataifa lilikadiria kwamba hasara itokanayo na viumbe hao duniani ilizidi dola bilioni 423 katika mwaka 2019 pekee. Wanasayansi hao walisisitiza kwamba kuzuia ni rahisi mno kuliko kuondoa.

Hata hivyo, mkataba wa Montreal haumfikii mtoto mwenye kopo la samaki kando ya mfereji. Anayemfikia ni baba yake, mwalimu wake na wakili wa falaj. Oman ina bahati ambayo Ziwa Victoria halikuwa nayo katika mwaka 1954. Ziwa lile halikuwa na msimamizi mmoja anayejulikana na wote. Kila falaj inaye. Watu ambao kwa karne nyingi wameweza kugawana maji kwa nusu saa nusu saa bila ya kumwaga damu wana uwezo pia wa kukubaliana nani aingie katika maji hayo na nani asiingie.

Waswahili wana msemo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa binadamu ni msemo wa ukarimu. Kwa samaki wa maji machache mambo huwa kinyume chake, na mwenyeji wa falaj hana sauti ya kulalamika. Wa kumsemea ni wale wanaokunywa maji yale yale anayoishi.